Kabla hujamnolea jogoo kisu, mtazame miguu

Mpenzi msomaji, kama una jogoo nyumbani, hebu liweke gazeti hili kando kwa dakika mbili, utoke nje ukamtazame miguu. Usimkamate, mtazame tu. Nyuma ya kila mguu, juu kidogo ya kidole cha nyuma, utaona kitu kigumu mfano wa pembe ndogo. Hicho huitwa kipi. Wingi wake ni vipi, na tafadhali usicheke, kwani neno hilo lilikuwapo kabla vijana wa mitaani hawajaanza kusalimiana nalo. Wengi wetu huku bara tunasema tu mwiba wa jogoo.

Kipi kilichonifanya niandike makala haya kilikuwa na urefu wa kidole changu kidogo, tena kimepinda na kuchongoka kama sindano ya kushonea magunia. Mwenye nacho anaishi kwa mama yangu huko Masimba, upande wa Nyaribari Masaba, Kisii. Pale nyumbani tumempa jina la Chifu. Ni kwa sababu ya mwendo wake wa kupanua kifua, wala si kwa sababu ya chifu yeyote wa serikali, ili nisije nikaitwa barazani.

Nilifika Disemba kama tunavyofika sote, wakazi wa mjini, na mikate na sukari mkononi. Niliteremka Keroka, ule mji ambao upande mmoja ni Kisii na upande wa pili ni Nyamira, nikapanda bodaboda hadi nyumbani huku matope mekundu yakinirukia hadi magotini. Nilimkuta Mama nyuma ya jiko, amepiga magoti karibu na migomba, ameshika kuku jike mapajani. Hakuniamkua. Aliinua bawa la yule kuku akaniambia, "Mwanangu, tazama."

Chini ya bawa, pale ambapo manyoya hufunika kila kitu, ngozi ilikuwa imechanika kuanzia ubavuni hadi karibu na paja, kana kwamba mtu amepitisha wembe. Jeraha lilikuwa na siku kadhaa na nzi walikuwa wameanza kulijua. Huyu alikuwa koo bora kuliko wote pale nyumbani, mwenye kuatamia bila kuacha mayai yakapoa. Naye alikuwa wa tatu. Wawili wa kwanza walikutwa wamekufa, na kila mtu akadhani ni ugonjwa.

Haukuwa ugonjwa. Jogoo anapompanda jike husimama mgongoni kwake, akijishikilia kwa kucha. Miguu ikiteleza, kucha ndefu na vipi hushuka ubavuni na kupasua. Jike huendelea kutembea na manyoya yake yamefunika aibu yote, hadi siku anapojikunyata pembeni na kukataa chakula. Ndiyo sababu ninakuambia, ukiona kuku mmoja au wawili hawana manyoya mgongoni, mara nyingi wale wapole wanaopendwa na jogoo kupita wengine, usikimbilie duka la agroveti kununua dawa ya minyoo. Inua mabawa kwanza.

Siku ya pili mambo yaliharibika zaidi. Mpwa wangu wa miaka mitano alikwenda kuokota yai. Chifu alimjia kwa nyuma, mtoto akageuka, na kipi kikampitia chini ya jicho la kushoto. Chini yake tu, mpenzi msomaji. Kingepanda juu kwa upana wa punje ya mahindi, ningekuwa ninaandika habari nyingine leo.

Kaka yangu hakusema mengi. Alikwenda kutafuta kisu.

Sasa huenda ukauliza, ubishi wa nini hapo? Jogoo akidhuru mtoto, si achinjwe, tena Disemba! Hata mimi nilikuwa nimeanza kusikia harufu ya mchuzi. Lakini Mama alisimama mlangoni mwa jiko akakataa. Inafaa ujue kwamba mashamba ya Kisii ni madogo sana. Sehemu zile ni kati ya zile zenye watu wengi mno mashambani katika Kenya nzima, na kila baba anapowagawia wanawe, kinachobaki ni kipande kingine chembamba zaidi. Ng'ombe wanahitaji majani, na majani yanahitaji ardhi. Kuku hahitaji ila uwanja na mabaki ya obokima. Basi kuku ndio benki ya mama wengi wa Gusii. Pora wawili wakiuzwa Januari, sare ya shule inapatikana. Chifu ndiye baba wa vifaranga wote pale, na ndiye jogoo pekee aliyesalia ugonjwa wa Newcastle ulipopita kijijini na kufagia vibanda vizima. Kwa Mama, kumchinja ni kuchinja sare za shule.

Ndipo nikapayuka, bila kufikiri vya kutosha, kwamba mjini watu huwakata kucha. Wote wakanitazama. Kaka akanipa kisu, akasema, "Haya, mkate."

Kabla sijasimulia yaliyotokea, turudi kidogo kwa yule mtoto. Jeraha la kipi huonekana dogo juu na huwa na kina ndani, na kipi hukanyaga samadi mchana kutwa. Jeraha la aina hiyo ndilo mlango wa pepopunda. Tuliliosha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda mrefu huku akipiga kelele, kisha mama yake akampeleka zahanati pamoja na kitabu chake cha kliniki. Chanjo ya pepopunda hutolewa kwa watoto wetu ikiwa imechanganywa na nyingine, wakiwa na wiki 6, 10 na 14, na muuguzi akikiona kitabu atajua la kufanya. Usipuuze jambo hili kwa kuwa ni kuku tu. Mwaka wa 2019 jarida moja la wataalamu wa uchunguzi wa vifo lilieleza kisa cha bibi wa miaka 76 huko Australia aliyekuwa akiokota mayai. Jogoo alimdonoa mguuni, palipokuwa na mshipa uliovimba, akavuja damu hadi akafa. Na Februari 2021, jimbo la Telangana nchini India, mtu alipoteza maisha baada ya jogoo aliyefungwa kisu mguuni kwa mchezo haramu wa kupiganisha kumkata kinenani. Hao wapiganishaji walikuwa wakimwongezea tu jogoo kile alichojaliwa tayari.

Maana kipi ni silaha. Babu wa kuku wetu ni yule kuku-mwitu mwekundu wa misitu ya kusini-mashariki mwa Asia, na huko jogoo alihitaji kitu cha kumwambia mwenzake asogee. Pora huanza na kinundu kidogo mguuni. Akitimiza mwaka kipi huwa kimeonekana wazi, nacho huendelea kukua maisha yake yote. Wanunuzi wazoefu hukitazama ili wakisie umri, nawe ukiuziwa "pora" mwenye vipi virefu ujue nyama hiyo utaipika kutwa. Hata majike wengine huota vipi, hasa wakizeeka, kwa hiyo usidhani umelogwa.

Ndani ya kipi kuna mfupa uliounganika na mfupa wa mguu, tena wenye damu na maumivu kama wako. Juu ya mfupa huo kuna gamba gumu, kitu kile kile kilichofanya ukucha wako na pembe ya ng'ombe. Ncha ndiyo gamba tupu. Ukikata ncha, jogoo hahisi kitu. Ukienda mbali umemkata mfupa. Ukucha wa kidole nao ni hivyo hivyo: mbele hauna uhai, nyuma una nyama hai yenye mshipa wa damu.

Kuku anayezurura haoni shida ya kucha. Anakwaruza udongo tangu alfajiri, na udongo ndio tupa yake. Shida huwapata kuku wa mjini mnaowafungia kwenye vizimba vya waya, au juu ya maranda laini, wasikanyage kitu kigumu mwaka mzima. Kucha hurefuka, hupinda, vidole huanza kukaa upande, na kuku hutembea kama mtu aliyevaa viatu vya mwenziwe. Wale kuku wa manyoya ya hariri, ambao siku hizi nawaona katika nyumba za wenye nafasi, wana vidole vitano badala ya vinne, na kile cha tano hakigusi chini kabisa. Hicho usipokikata, ukucha utajikunja hadi urudi kwenye nyama.

Chifu alikuwa na uwanja wote wa kukwaruza, lakini kipi hakigusi ardhi, basi hakuna wa kukipunguza.

Tulingoja usiku. Hilo ndilo jambo moja nililolifanya kwa akili. Kuku gizani ni kiumbe kingine kabisa, unamchukua kutoka kwenye ufito wake kama unavyochukua sufuria rafuni. Kuku wa Mama hulala pembe moja ya jiko, kwa hiyo hatukuhitaji hata kutoka nje. Nilimfunika Chifu taulo, mabawa yakiwa yamebanwa mwilini na miguu nje, kaka akamweka mapajani, na mpwa, mwenye plasta usoni, akapewa kazi ya kushika tochi. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akaishika, akiwa amesimama nyuma ya nyanya yake.

Hapa nina neno. Kuku hana ule utando wa misuli unaotenganisha kifua na tumbo, unaotusaidia sisi kuvuta pumzi. Yeye hupumua kwa kuinua na kushusha kidari. Ukimbana kifuani kwa nguvu unamnyonga bila kugusa shingo, na ndiyo sababu kuku wengine hufa mikononi mwa watu waliokuwa wakiwatibu. Kumning'iniza kichwa chini miguu juu, kama tunavyowaona kwenye mabasi na pikipiki kila Krismasi, nako ni mateso, na nchi hii ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, sura ya 360, ingawa sijaona kondakta akiisoma.

Nilianza na kucha, kwa kikata kucha cha vidole vya miguu vya binadamu. Kinafaa, na kile cha mbwa kinafaa zaidi. Ukucha mweupe una rehema: ukiumulika kwa nyuma unaona mstari wa waridi unakoishia, unakata mbele yake. Kucha za Chifu ni nyeusi tititi. Katika ukucha mweusi huoni kitu, kwa hiyo unatakiwa ukate vipande vidogo sana, milimita moja kwa wakati, ukitazama uso wa mkato kila mara. Ukiona katikati panageuka rangi na kuwa na unyevunyevu, simama hapo hapo. Hayo ninayajua sasa. Usiku ule nilikata wa kwanza kwa mkupuo mmoja, nikajiona fundi. Chifu akapiga kelele ambayo majirani walisikia, na damu ikaruka hadi kwenye taulo.

Nilishikwa na baridi mwilini. Mama ndiye aliyenyoosha mkono, akachota unga laini wa mahindi, akaukandamiza kwenye ncha ya kidole na kushikilia bila kupapasa. Dakika chache damu ikakata. Unga hufanya kazi, na ule wa wanga unaotumiwa kuzitia mchuzi hufanya vizuri zaidi. Shabu ya vinyozi nayo ni nzuri, ila huwasha. Jambo muhimu ni kukandamiza na kuacha tamaa ya kuchungulia kila sekunde. Na usimrudishe kuku anayevuja damu kwa wenzake, kwani kuku wakiona wekundu hudonoa, na wakianza kudonoa hawajui kuacha.

Nilitaka kuishia hapo. Kaka akasema basi, tuliweke shoka motoni. Jirani aliyekuwa amekuja kuota moto akaleta lake: kiazi. Unachemsha kiazi hadi kiive, unakichoma kwenye kipi kikiwa bado moto, unangoja, kisha unashika gamba kwa plaizi na kulizungusha mpaka livuke lote kama soksi. Mbinu hiyo ipo kweli, na wafugaji wa nchi nyingi wanaijua. Lakini fikiri kidogo. Kinachobaki ni mfupa mbichi, laini, unaovuja, umeachwa wazi uguse samadi. Na kiazi kikigusa ngozi ya mguu kinaiunguza. Ni sawa na wewe kung'olewa ukucha mzima kwa sababu ulikuwa mrefu. Wengine hukata kipi chote kwa panga. Huko ni kumvunja mfupa, na mara nyingi mwisho wake ni usaha.

Tulichofanya ni hiki. Tulipaka vipi mafuta ya kupikia, tukaacha vilainike kidogo. Mpwa akaweka tochi nyuma ya kipi ili tuone giza la mfupa linapoishia ndani. Nikachukua msumeno mwembamba wa chuma, nikakata ncha tu, chini ya robo ya urefu wote, kaka akiwa ameushika mguu imara, maana mguu ukicheza unaweza kuupasua gamba lote kwa urefu. Koleo kubwa au plaizi usitumie, hupondaponda badala ya kukata. Kisha nikasugua kwa tupa ya kunolea panga, taratibu, hadi ncha ikawa mviringo kama ya kitufe. Kipi cha pili kilikwenda haraka. Chifu hakulia hata kidogo. Nafikiri alikuwa amesinzia.

Tazama jinsi kazi ilivyo ndogo ikifanywa mapema. Ukisugua kwa tupa kila baada ya miezi miwili au mitatu, tangu jogoo akiwa pora, hutahitaji msumeno kamwe. Na kila unapokata kidogo, nyama hai hurudi nyuma kidogo, kwa hiyo kucha zilizorefuka sana zipunguze kwa awamu, wiki kadhaa katikati, badala ya kumaliza usiku mmoja.

Ukiwa umemshika, kagua na mengineyo. Magamba ya miguu yakiwa yameinuka na kuwa na ungaunga mweupe, hao ni wadudu wadogo wanaochimba chini yake. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kausha, paka mafuta ya mgando, rudia kila wiki hadi magamba mapya yatoke. Nimeona watu wakipaka mafuta ya taa na hata oili chafu ya gari. Acheni, ngozi inaungua. Chini ya unyayo ukikuta uvimbe wenye kidonda cheusi katikati, hapo pana usaha, na hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo. Mara nyingi chanzo ni ufito wenye vipasuo au kuruka kutoka juu sana, basi lainisha ufito na uushushe.

Yule koo tulimwosha jeraha kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, yenye chumvi kidogo, tukatoa mabuu mawili, tukapaka ayodini na kumtenga kwenye kikapu ndani ya jiko.

Nisikudanganye kwamba kumkata kipi humfanya jogoo kuwa na adabu. La hasha. Chifu bado anamfuata mtu aliyempa mgongo, ila sasa anagonga badala ya kuchoma. Jogoo mmoja humtosha majike kumi hivi; ukiwa na majike wanne tu, hao wanne watachoka hata kama kucha zake ni butu. Na ikiwa unakaa Umoja au Githurai na unachotaka ni mayai ya chai ya asubuhi, huhitaji jogoo hata mmoja, jike hutaga bila yeye. Wahenga walisema jogoo la shamba haliwiki mjini, lakini hawakupata kulala jirani na nyumba ya wenye nyumba wangu saa kumi za alfajiri.

Kwa watoto, sheria ya Mama ni moja tangu siku ile: mwenye kwenda kuokota mayai aende na ungo. Si wa kumpigia jogoo, kwa maana kumpiga humfanya aamini kweli kuna vita. Ni wa kuweka kati ya uso na miguu yake. Na mtoto asikimbie; arudi nyuma polepole, akimtazama.

Nilipiga simu Masimba juma lililopita. Koo amepona, manyoya yameota, na amerudi kuatamia. Chini yake kuna mayai kumi na mawili. Mpwa ana alama ndogo chini ya jicho anayowaonyesha wenzake shuleni, na kila mara anapoisimulia jogoo huongezeka ukubwa. Nilimwuliza kama bado anamwogopa Chifu. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza nitakwenda lini, kwa sababu vipi vimeanza kuchongoka tena na magokoro amesema safari hii yeye ndiye atakayeshika tupa.